Boti ya mbao au ya faiba: ipi ya kuandaa kwa safari za masika Kisumu

Ikifika katikati ya Februari, wenye boti hapa Kisumu huanza kuniuliza swali moja. Pasaka inakaribia, wageni wanataka kwenda visiwa vya Ziwa Victoria: Ndere, Rusinga, Takawiri na Mfangano, na boti imelala juu ya mawe tangu Desemba. Je, niitengeneze hii ya mbao niliyo nayo, au niiuze nitafute ya faiba?

Sisi nyumbani tunazo zote mbili. Ya mbao tuliachiwa na baba, ni ya mvule, futi 28. Ya faiba ni futi 20. Mimi na kaka yangu tuliinunua ikiwa imeshatumika Mombasa. Zote zinalala bichi ya Dunga, hatua chache kutoka moja hadi nyingine, na kila mwaka tunaziandaa zote kabla mvua za Machi hadi Mei hazijashika. Ninachokisema hapa nimekishika kwa mikono yangu.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na bei. Anza kwa kuhesabu siku. Boti yako itakuwa majini siku ngapi kwa wiki? Mbao hutaka maji, faiba hutaka kukauka. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya uamuzi umeshaimaliza.

Ubao ukikaa majini hunywa maji ukavimba, na mbao hubanana zenyewe hata maji yakakosa pa kupita. Boti inayobeba watu kila siku kutoka Dunga haina shida kubwa ya kuvuja. Shida huanza pale unapoipandisha Desemba na kuiacha kwenye jua la Januari. Mbao hunywea, pamba iliyo kati yake hulegea, na viungo hufunguka. Mwaka jana nilisimamisha sarafu ya shilingi kumi ndani ya kiungo kimoja karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, ikasimama bila kushikwa. Ilikuwa boti iliyorudi kutoka Ndere Desemba bila tone la maji ndani.

Faiba haina habari hiyo. Iache miezi mitatu chini ya turubai, ukirudi utakuta umbo lilelile. Lakini ukiiacha majini mwaka mzima, maji hupenya polepole kupitia ile ngozi ya nje inayong'aa, na siku moja utakuta malengelenge chini ya tumbo lake kama ya mtu aliyeungua. Katika ziwa letu jambo hilo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hupenya haraka kuliko ya bahari.

Kuandaa ya mbao

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza pesa.

Kabla ya kumwita fundi, chukua kisu chembamba na uende mwenyewe. Anzia pale maji ya mvua hukusanyika ndani ya boti: chini ya sakafu, mahali mataruma (mbavu za boti) yanapokutana na mkuku, na nyuma kwenye ubao unaobeba injini. Sukuma ncha ya kisu. Ubao mzima hukataa. Ubao uliooza hupokea kisu kama ndizi iliyoiva. Watu wengi hukagua nje tu kwa kuwa nje ndiko kunakogusa ziwa, lakini kinachoozesha boti za huku ni maji ya mvua yaliyosimama ndani. Pwani wana mdudu wa maji ya chumvi anayetoboa mbao. Sisi huyo hatuna. Adui zetu ni kuoza, na mchwa pale boti inapolazwa juu ya udongo. Ya kwetu tunailaza juu ya mawe, na kila Jumamosi mtu hupita kuangalia kama kuna njia ya udongo inayopanda kwenye jiwe.

Tazama pia misumari. Ukiona duara jeusi kuzunguka kichwa cha msumari, kutu imeshaingia ndani ya ubao na msumari haushiki tena. Kumi ya hivyo kwenye ubao mmoja, badilisha ubao, usipoteze muda na rangi.

Kisha kalafati, yaani kuziba viungo kwa pamba. Fundi wetu ni mzee wa Dunga tunayemwita Jaduong'. Kwanza huitoa pamba ya zamani kwa chuma kilichopindwa kama ndoana, mpaka kiungo kibaki safi. Husokota pamba mpya iliyolowa mafuta, huilaza kwenye kiungo, na kuisukuma kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Haangalii sana, anasikiliza. Pigo la kwanza hutoa sauti nzito, kama kugonga godoro. Kadiri pamba inavyojaa sauti hupanda, mpaka inalia kama unagonga mlango.

"Nyara, umesikia?" aliniuliza siku moja, yaani binti yangu kwa Kijaluo. "Sasa imekataa. Ukiilazimisha hapa, ikivimba itasukuma mbao zote."

Neno hilo lilinifundisha kuliko miaka yote niliyokuwa nikibeba ndoo ya maji pale. Mtu aliyeona kiungo kimefunguka kwa jua hutamani kukijaza pomoni. Mbao zikirudi majini zikavimba hazina pa kwenda, hivyo zinang'oa misumari kutoka kwenye mataruma. Kalafati ya mwisho wa kiangazi inatakiwa iache nafasi ya kuvimba, na hilo halijulikani kwa macho, linajulikana na fundi. Kama kwenu hakuna fundi wa aina hiyo, nakuambia kwa moyo wote, achana na boti ya mbao. Uzuri wake wote umo mikononi mwa mtu huyo.

Baada ya pamba huja lami au putti, na kwenye boti yetu viungo vya chini hufunikwa kwa vipande vya bati la debe vilivyopigiliwa misumari midogo. Halafu rangi ya mafuta, ipakwe mara mbili.

Kuna hatua moja wengi huiruka: kuinywesha. Tunaishusha kwenye maji ya kina kifupi, bila injini, imefungwa kamba mbili, na kuiacha siku mbili au tatu. Usiku wa kwanza itaingiza maji, na mtu lazima awepo kuyafua kwa ndoo. Usiku wa pili yatapungua. Asubuhi ya tatu unakuta kikombe kimoja au viwili tu chini ya sakafu. Ikifika siku ya nne bado inajaa, ipandishe, kuna kiungo hakikuzibwa. Kuifunga injini na kupakia abiria siku ileile ya kuishusha ni kuwapeleka watu kwenye hatari, na nimewahi kumzuia mtu kufanya hivyo mbele ya wageni wake.

Ukijumlisha, ya mbao inakula wiki mbili hadi tatu za kazi kila mwaka. Panga na fundi Februari. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai, na wavuvi huutumia muda huo kupandisha boti zao kwa matengenezo, kwa hiyo ukimtafuta Aprili utapanga foleni.

Kuandaa ya faiba

Hapa kazi ni ya siku tatu au nne, ila inataka usafi kuliko nguvu. Osha kwa sabuni, acha ikauke kabisa, kisha chukua sarafu uigonge taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Mahali pazima panalia kwa ukali. Mahali ambapo matabaka yameachana sauti hufa, dup, kama unagonga kiatu. Zungushia kalamu ya wino kila sehemu ya namna hiyo. Utaona kwamba boti zote mbili hupimwa kwa sikio. Tofauti ni kwamba kwa faiba sikio lako mwenyewe linatosha ukifanya mazoezi nusu saa.

Nyufa ndogo za juu, zile kama mistari ya kiganja, mara nyingi ni za ngozi ya nje tu. Ufa unaoingia ndani unahitaji kusagwa kwa msasa mpaka kingo zilale kama mteremko mrefu, upana wa mteremko uwe takriban mara kumi na mbili ya unene wa boti. Futa kwa asitoni, kisha panga matabaka ya mkeka wa faiba na rezini. Hadina, ile dawa ya kuigandisha rezini, huwekwa kidogo, asilimia moja hadi mbili ya rezini, kulingana na joto la siku na maelekezo ya chupa.

Mwaka wa kwanza hatukulijua hilo. Tulipeleka boti kwenye karakana moja mjini mwishoni mwa Machi, mvua ikiwa imeshaanza. Kiraka kilipakwa juu ya faiba yenye unyevu, na hadina haikupimwa. Wiki moja baadaye bado kilinata kwenye vidole, na safari ya kwanza kuelekea Asembo Bay kikabanduka kipande kizima. Tuliona maji yakipanda kwenye miguu ya mama mmoja aliyekuwa amepakata mtoto. Tulirudi nchi kavu salama, lakini tangu siku hiyo kazi yote ya faiba tunaimaliza Februari, saa za jua, chini ya turubai, na hadina naipima mimi kwa bomba la sindano.

Kitu kingine: ubao wa nyuma unaobeba injini. Kwenye boti nyingi za faiba ndani yake kuna ubao wa kawaida uliofunikwa, na maji huingia kupitia matundu ya bolti ukaoza bila kuonekana. Shika injini kwa chini, itikise kwa nguvu. Ubao wa nyuma ukicheza, au maji ya kahawia yakitoka kwenye tundu la bolti, usiinunue hata ukipunguziwa bei. Ukarabati wake ni kama kujenga upya.

Na kama boti inatoka pwani kama yetu, angalia kile kipande cha madini kinachofungwa kwenye injini ili kiliwe na kutu badala ya injini. Baharini hutumia zinki. Katika maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika utando ikaacha kufanya kazi. Huku inafaa magnesiamu au alumini. Yetu ilikuwa na zinki nzima, mpya kabisa machoni, na nyuma yake kava ya gia ilikuwa imeanza kuliwa.

Injini

Hapa hakuna mbao wala faiba, maandalizi ni yaleyale. Mwaga petroli iliyokaa tangu Desemba, kwa sababu huacha utando kwenye kabureta. Badilisha plagi. Fungua skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili inataka kubadilishwa. Iwashe ndani ya pipa la maji na uangalie ule mchirizi mdogo unaotoka pembeni. Usipotoka, zima mara moja, pampu ya maji imechoka. Kwa injini ya mapigo mawili, wengi huchanganya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na ikiwa mpya kabisa oili huongezwa maradufu kwa saa za mwanzo. Kijitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Usisahau jaketi okozi, moja kwa kila mtu na za watoto zikiwemo. Bana mkanda wa kila moja kwa mikono yako kabla mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari hajafika kuzihesabu.

Ziwani zinatofautianaje

Ghuba ya Winam haina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamesimama wima. Alasiri upepo unapovuma kutoka ziwani kuja Kisumu, hapo ndipo utajua umekaa kwenye boti gani. Ya mbao ni nzito, hukata wimbi polepole, na mgeni asiyezoea maji hatapiki sana. Ya faiba ni nyepesi, hupaa na kutua kwa kishindo, na ukiwa na mzee mwenye mgongo mbovu itabidi upunguze mwendo. Kwa upande mwingine, kwa injini ileile ya nguvu za farasi 15, faiba inafika Ndere mapema na kurudi na mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Kwa mtu anayelipa petroli kila siku, tofauti hiyo inaonekana mwisho wa mwezi.

Magugu maji ni mtihani wa wote. Tangu yalipoingia ziwa hili miaka ya mwisho ya 1980, asubuhi moja unaamka bichi imefunikwa kijani. Ya mbao tunaisukuma kwa upondo katikati ya magugu bila woga. Faiba nayo inapita, lakini kwa kuwa wenye faiba wamezoea kutegemea injini, huingia nayo inaunguruma, propela ikasokotwa na tundu la kuvutia maji ya kupoza likazibwa. Inua injini, tumia kafi.

Kwenye mawe ninaipendelea ya mbao waziwazi. Ukitua Rusinga au Mfangano mahali pasipo na gati, mvule hukwaruzika na safari ikaendelea. Faiba ikigonga jiwe lenye ncha hupasuka, na hata ikitua kwenye changarawe kila siku mkuku wake huliwa taratibu. Yetu tumeifunga ukanda wa mpira wa tairi kwenye mkuku.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Boti ya mbao ikijaa maji bado mbao zenyewe zinataka kuelea, na watu watapata cha kushikilia. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Ikiwa haina vyumba vilivyofungwa au povu la kuelea ndani, ikijaa inazama na injini yake. Kabla ya kununua, uliza povu liko wapi na ulione kwa macho. Ukiambiwa "lipo chini huko," omba sakafu ifunguliwe.

Kupandisha nchi kavu, faiba inashinda bila ubishi. Watu wanane wanaibeba. Ya baba inataka watu ishirini na magogo ya kuviringisha, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda likameza sehemu ya bichi tulihangaika siku nzima kuihamisha, wakati majirani wenye faiba walikuwa wameshamaliza na kuja kutusaidia.

Basi uchukue ipi

Kama boti itafanya kazi siku tano au zaidi kwa wiki, unatua kwenye mawe, na fundi wa kalafati yuko umbali wa kutembea, tengeneza ya mbao. Gharama yake huja kidogokidogo kila mwaka na sehemu kubwa ni ufundi, pesa inayobaki hapahapa bichi. Ila chunguza mbao zilizotumika. Mvule siku hizi ni adimu, na boti mpya nyingi ni za mbao laini zaidi ambazo hazitakaa miaka kama ya wazee wetu. Ya mvule iliyo nzima usiiuze ili upate faiba iliyochakaa. Nimeona jirani akifanya hivyo, na roho iliniuma.

Kama wewe ni mtu wa mwisho wa wiki, unafanya kazi Nakuru au Eldoret na unakuja ziwani mara mbili kwa mwezi, chukua faiba. Mbao itakufungukia kila ukiondoka, na kila ukija utatumia siku ya kwanza kufua maji. Pesa nyingi zitakutoka mara moja, halafu utapumzika, mradi uwe na turubai na povu liwepo.

Kuna wanaotaja plastiki. Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilifika ziwa hili mwaka 2021 na wengi wetu tulisisimka. Ni kazi nzuri sana, ila kwa mtu anayetaka boti ya kubeba wageni Pasaka hii bado si kitu cha kwenda kununua bichi.

Wapo wanaotaka njia ya katikati: kuchukua boti kuukuu ya mbao na kuivika faiba nje, ili wasahau kalafati. Hili naombwa ushauri kila mwaka na kila mwaka nasema hapana. Mbao ya zamani imejaa maji hata ikionekana kavu. Ukiifunga kwa rezini, maji yaliyo ndani hayana pa kutokea, na ya mvua yanaendelea kuingia kutoka juu. Inaendelea kuvimba na kunywea ndani ya vazi lisilovutika. Mwaka juzi tulisaidia kuvua vazi la boti moja iliyovikwa misimu miwili tu nyuma. Lilitoka zima kwa mikono, kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake ubao ulikuwa mweusi, unanuka tope, laini kiasi kwamba Jaduong' aliuchota kwa kidole gumba. Ukitaka mbao yenye vazi la faiba, lijengewe tangu mwanzo juu ya mbao mpya zilizokaushwa vizuri, ndani na nje. Iliyo kuukuu ipe pamba yake, mafuta yake, na siku zake tatu za kunywa maji.